MATEMBEZI YA SIKU MOJA: KUTOKA NAIROBI HATA KANISA DOGO LA WATALIANI

Watu wa Italia wakaao katika miji mikubwa wana desturi moja iliyo njema. Siku ya mapumziko ikifika, baba hutoka asubuhi na jamaa yake, wakapanda gari la moshi au motokaa, wakaenda katika mji mdogo wa kale, mathalani mji wa Assisi ulio juu ya kilima. Wakifika hawana haraka. Hutembea kwa miguu katika vichochoro vya mawe, huingia kanisani kutazama picha zilizochorwa ukutani yapata miaka mia saba iliyopita, hula chakula chao kivulini, na jioni hurudi kwao. Hawakufanya kazi siku hiyo wala hawakununua kitu cha fedha nyingi. Lakini wamerudi na akili iliyopumzika, na wamejifunza habari za nchi yao wenyewe.

Sisi wakazi wa Nairobi twasafiri sana, lakini safari zetu ni za namna nyingine. Twaenda mashambani kwa mazishi, kwa arusi, kupeleka watoto shuleni, au kutazama mavuno. Mwendo ni wa mbio, na njiani hatuulizi neno ila saa ya kufika. Wengi hudhani kwamba kutembea kwa ajili ya kuona tu ni shughuli ya watalii wenye kamera shingoni. Jambo hili si kweli. Katika makala haya twapenda kumweleza msomaji safari moja ya siku moja, itokayo katikati ya mji wa Nairobi na kupita mitaa ya magharibi mpaka ukingo wa Bonde la Ufa, ambako mwisho wake ni kazi halisi ya mikono ya Wataliani. Aliye Nairobi aweza kwenda na kurudi kabla ya jua kuchwa. Naye aliye mbali aweza kuisoma, akafahamu kwa nini Wataliani walijenga kanisa kando ya barabara yetu.

MWANZO WA SAFARI NI KENYATTA AVENUE

Yafaa kuanza mapema, kama saa mbili za asubuhi, kwa kusimama kidogo Kenyatta Avenue mbele ya zile sanamu tatu za shaba. Wapitao hapo kila siku ni maelfu, na wachache sana huinua macho. Sanamu hizo ni za Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918: askari wenye bunduki pamoja na mpagazi. Maneno yaliyoandikwa chini yake yako katika lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mpagazi huyo ndiye aliyebeba chakula na risasi za jeshi kutoka Kenya mpaka kusini ya Tanganyika, na wenzake waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la kikosi chao cha uchukuzi ndilo lililobaki katika mtaa wa Kariokor hapa Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam.

Twaanza na sanamu hizi kwa sababu. Kanisa tunaloliendea lilijengwa kwa ajili ya vita vya pili, vile vya 1939 hata 1945, na katika vita hivyo pia Mwafrika alikuwamo. Basi msafiri na aweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia.

Mji wenyewe wa Nairobi si wa kale kama miji ya Italia. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, na mahali palipokuwa pa kuchungia ng'ombe wa Wamasai pakawa kambi ya mafundi wa reli. Jina limetokana na maneno ya Kimasai, Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Mwaka 1950 kambi hiyo ya zamani ilipata hati ya kuwa jiji. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa reli ilipofika aliweza kuyaona mambo hayo yote kwa macho yake mwenyewe, tangu hema mpaka majumba ya ghorofa.

WESTLANDS, KANGEMI NA UTHIRU

Kutoka mjini twashika njia ya magharibi, twapita chini ya kilima chenye Jumba la Makumbusho, ambalo lilifunguliwa hapo mwaka 1930, na kisha twaingia Westlands. Juu ya vichwa vyetu ipo barabara mpya ya kulipia iliyojengwa juu ya nguzo, itokayo Mlolongo, ambayo ilianza kutumiwa mwaka 2022. Lakini msafiri asiye na haraka atapita chini.

Hapa Westlands twakutana na Wataliani mara ya kwanza. Lipo kanisa kubwa la Consolata, ambalo jina lake limetoka katika mji wa Torino kaskazini ya Italia. Padre Giuseppe Allamano aliunda shirika la wamisionari wa Consolata katika mji huo mwaka 1901, na mwaka uliofuata wanne wa kwanza walifika Kenya, wakapokewa na Karuri wa Gakure kule Tuthu, katika nchi ya Murang'a. Walikuja bila askari, tena kabla ya vita vya dunia. Kutoka Tuthu walikwenda Nyeri na kwingineko, wakajenga shule, zahanati na mashine za kupasulia mbao. Allamano mwenyewe hakukanyaga Afrika kamwe; alitangazwa kuwa mtakatifu huko Roma mnamo Oktoba 2024.

Mbele yetu ni Kangemi, mtaa wenye watu wengi na nyumba zilizobanana. Mwezi wa Novemba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alikuja hapa katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akaonana na watu wa mtaa. Yafaa ijulikane kwamba Papa huyo, alipochaguliwa mwaka 2013, alijitwalia jina la Fransisko wa Assisi, mtu wa mji ule ule tuliotaja mwanzo. Jina la Assisi tutalikuta tena kabla ya safari kwisha.

Barabara tunayoifuata yaitwa Waiyaki Way, na wengi hulitaja jina hilo kwa makondakta wa matatu pasipo kujua ni nani. Waiyaki wa Hinga alikuwa mkuu wa Wakikuyu wa upande huu wa Kabete na Dagoretti. Mwaka 1890 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Waingereza alifika kwake akipeleka msafara Uganda, wakapatana kwa kiapo, na boma likajengwa Dagoretti. Mapatano hayakudumu. Watu wa Kampuni walichukua chakula na mifugo ya wenyeji bila kulipa, ugomvi ukatokea, na boma likaachwa. Mwaka 1891 Kapteni Eric Smith alijenga boma jingine lenye nguvu zaidi karibu na Kabete, nalo likaitwa Fort Smith. Katika boma hilo Waiyaki alikamatwa mwezi wa Agosti 1892, akatiwa njiani kupelekwa pwani. Hakufika. Alifariki Kibwezi, mbali na jamaa zake, na hakurudishwa kuzikwa kwao.

Mambo hayo yalitukia mwendo mfupi tu kutoka barabara hii ya lami. Msafiri akipita Uthiru na Kinoo, na atazame mkono wake wa kulia kuelekea Kabete, akakumbuka kwamba nchi hii ilikuwa na wenyewe, na kwamba reli ya 1899 ilikuja baada ya boma.

KIKUYU NA THOGOTO

Mwendo wa kilometa ishirini hivi toka mjini watufikisha Kikuyu. Mji huu ni mdogo, lakini habari zake ni nyingi, na hapa ndipo mtu apaswa kushuka na kutembea kwa miguu.

Kwanza kiko kinamasi cha Ondiri. Ukitazama kutoka mbali wadhani ni uwanja wa majani, kumbe majani hayo yameelea juu ya maji yenye kina, na mtu akikanyaga ardhi hutikisika. Kwa sababu hiyo asijaribu mtu kuingia ndani. Maji ya Ondiri ndiyo chanzo cha mto Nairobi. Maji yale yale yapitayo mjini yakiwa meusi kwa taka, hapa yatoka yakiwa safi. Baba aliyekuja na watoto hana haja ya kuwahubiria. Na awaonyeshe chanzo hiki, kisha kesho yake awaonyeshe mto huo huo karibu na Gikomba. Wataelewa wenyewe.

Pili ipo Thogoto. Wamisionari wa Kanisa la Scotland walihamia hapa mwaka 1898, na wenyeji waliposhindwa kulitamka jina la Scot walisema Thogoto, na jina likakaa. Katika shule yao alifika mwaka 1909 kijana mmoja aitwaye Kamau wa Ngengi, akajifunza kusoma, hesabu na useremala, akabatizwa mwaka 1914. Baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya. Kanisa la mawe lililojengwa hapo na kumalizika mwaka 1933 huitwa Kanisa la Mwenge, na bado latumika.

Tatu, hapa Thogoto palitokea jambo lililotikisa Kanisa la Uingereza mpaka London. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu kutafuta njia ya kushirikiana, na mwisho wa mkutano wakashiriki pamoja katika Meza ya Bwana. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipopata habari alikasirika sana, akawashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wameiacha imani iliyo sahihi. Magazeti ya Uingereza yaliandika habari hizo kwa miezi mingi, na jina la Kikuyu likajulikana na watu ambao hawakuweza kuionyesha nchi yenyewe katika ramani.

Ushirikiano huo haukufa. Mwaka 1918 misheni ziliunda muungano wao, na mwaka 1926 muungano huo ukafungua shule ya sekondari hapa Kikuyu. Ndiyo maana shule yaitwa Alliance, yaani muungano. Chini ya mwalimu wake mkuu Carey Francis, aliyeitawala tangu 1940 hata 1962, walipita vijana wengi ambao wakati wa Uhuru, mwaka 1963, walikuwa mawaziri, mahakimu na walimu wa vyuo. Shule ya wasichana ilianzishwa mwaka 1948. Mtu akipita nje ya lango akaona miti mirefu na majengo ya mawe, na ajue kwamba ugomvi wa maaskofu juu ya mkate na divai umehusika na kuwako kwake.

RIRONI NA UKINGO WA BONDE

Baada ya kula chakula cha adhuhuri Kikuyu twaendelea kupanda. Upande wa Limuru hewa ni baridi, na aghalabu ukungu hukaa mpaka saa nne au saa tano za asubuhi; kwa hiyo asiyechukua sweta atajuta. Huko ndiko chai ilipopandwa kwanza katika Kenya, mwaka 1903.  Leo chai ni moja ya mazao makubwa yaiingiziayo nchi fedha za kigeni.

Rironi njia zagawanyika. Moja yaendelea juu kwa juu kwenda Naivasha na Nakuru. Nyingine yashuka mkono wa kushoto kwenda Mai Mahiu, na hiyo ndiyo yetu. Mara ghafla miti yakoma, na mbele hakuna kitu ila hewa. Chini kabisa laonekana Bonde la Ufa, tambarare, lenye rangi ya majani makavu. Mlima Longonot wasimama peke yake kama chungu kilichovunjika mdomo, kwa maana ni mlima wa moto wa zamani, na urefu wake ni mita 2,776 juu ya bahari. Kusini yake uko mlima Suswa. Kando ya barabara wapo wafanya biashara wenye vibanda, wauzao ngozi za kondoo, vinyago na kofia. Bei husemwa, kisha hupunguzwa. Hakuna aibu katika kuuliza.

Wajenzi wa reli walipofika ukingo huu walishikwa na mashaka, maana gari la moshi haliwezi kushuka ukuta. Mpaka njia ya kudumu ilipomalizika mwaka 1901, walishusha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye reli iliyolala kama ngazi. Miaka 118 baadaye, mnamo Oktoba 2019, reli mpya ya kisasa ilifunguliwa kutoka Nairobi mpaka Suswa. Yenyewe haikuteremka ukuta. Ilitoboa chini ya Ngong kwa shimo lenye urefu wa kilometa nne na nusu.

MATEKA WA VITA

Sasa twapaswa kueleza Wataliani walivyofika hapa.

Italia ilikuwa imeitwaa Ethiopia kwa nguvu mwaka 1936, nayo ilikuwa na makoloni ya Eritrea na Somalia. Kwa hiyo ilipoingia vitani upande wa Wajerumani tarehe 10 Juni 1940, Kenya ilijikuta ina mpaka mrefu na adui. Mwezi uliofuata Wataliani waliitwaa Moyale. Mwanzo wa mwaka 1941 jeshi liliondoka Kenya kuwakabili. Ndani yake walikuwamo askari wa Keya kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki, askari kutoka Nigeria na Ghana ya leo, na wengine kutoka Afrika ya Kusini. Walikwenda kwa mwendo ambao haukutazamiwa. Mogadishu ilitwaliwa tarehe 25 Februari 1941, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mwezi wa Mei Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake. Mtawala wa Kitaliani, Duke wa Aosta, alisalimu amri Amba Alagi mwezi huo huo, na ngome ya mwisho, Gondar, ilianguka mwezi wa Novemba.

Mateka walikuwa makumi ya maelfu. Wengi waliletwa Kenya, wakawekwa katika kambi za Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Nyeri na penginepo. Duke mwenyewe alikufa akiwa mateka hapa Nairobi mwezi wa Machi 1942, naye amelala Mathari, Nyeri, katika kanisa la ukumbusho pamoja na mabaki ya askari wake zaidi ya 600.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 uliruhusu serikali kuwapa kazi mateka walio askari wa kawaida, mradi kazi hiyo isiwe ya vita na walipwe ujira wake. Lakini maofisa hawakulazimishwa. Miongoni mwa askari hao walikuwamo waashi, maseremala, wachongaji wa mawe na mafundi wa barabara, kazi ambazo Wataliani wamezijua tangu siku za Warumi. Kwa hiyo walipewa kazi ya kuchonga barabara hii ya kushukia bondeni. Aliyewahi kutazama kuta za mawe zinazozuia udongo kwenye kona za mteremko huu ataelewa ilikuwa kazi ya namna gani.

Wasiofanya kazi waliteswa na uvivu wa kambi. Ofisa mmoja, Felice Benuzzi, alikaa kambini Nanyuki akiutazama mlima Kenya kila asubuhi. Mwezi wa Januari 1943 alitoroka pamoja na wenziwe wawili, wakiwa na vyuma vya kupandia walivyojifulia kwa siri, wawili kati yao wakapanda mpaka kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe na kujikabidhi. Walihukumiwa kifungo cha siku 28 katika chumba cha peke yake, lakini mkuu wa kambi, kwa kuheshimu ushujaa wao, akakipunguza kikawa siku saba. Benuzzi aliandika kitabu cha habari hizo, na bado chasomwa.

KANISA LENYEWE

Hao waliokuwa barabarani hawakupanda mlima, bali walijenga. Baada ya saa za kazi walikusanya mawe ya mteremko ule ule, wakasimamisha kanisa dogo kando ya barabara, likamalizika Krismasi ya mwaka 1942. Lina mnara mdogo wa kengele, altare, na picha zilizochorwa ukutani na mateka wenyewe. Udogo wake huwashangaza watu: wakikaa watu kumi na wawili hivi, limejaa. Wenyeji huliita Kanisa la Wataliani, na wengine Kanisa la Wasafiri, lakini jina lake la wakfu ni Mtakatifu Maria wa Malaika.

Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Chini ya kilima cha Assisi lipo kanisa kubwa liitwalo kwa jina hilo hilo, na ndani ya kanisa hilo kubwa, chini ya paa lake, kimehifadhiwa kikanisa kidogo sana cha mawe. Hicho ndicho Fransisko alichokitengeneza kwa mikono yake kabla ya kuwa na wafuasi, na karibu nacho ndipo alipofariki mwaka 1226. Kila Mtaliani aliyefundishwa dini utotoni amekisikia. Msomaji na afikiri: mtu aliyeshindwa vitani, aliye mbali na mke na watoto wake kwa mwaka wa pili, asiyejua atarudi lini, ameshika mwiko akajenga ukumbusho wa kile kilicho kidogo kuliko vyote katika nchi yake. Italia ilisalimu amri mwezi wa Septemba 1943, lakini mateka wengi walingoja mpaka baada ya vita ndipo walipopata merikebu ya kuwarudisha kwao.

WALIOWAKAMATA WALIPATA NINI?

Hapa ndipo turudipo kwenye zile sanamu za Kenyatta Avenue. Mgeni aingiaye katika kanisa hili huondoka na huruma juu ya mateka, na huruma hiyo ni haki yao. Lakini haifai kusahau kwamba askari waliokwenda kutoka Kenya mpaka Addis Ababa, ambao kwa kazi yao mateka hao walipatikana, walikuwa baba na babu zetu. Wengine walipelekwa baadaye Burma kupigana na Wajapani. Waliporudi mwaka 1945 na 1946, serikali ya siku hizo iliweka mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu wakae katika nchi za juu. Askari Mwafrika hakupewa shamba. Alirudi katika eneo lake lililojaa, au alitafuta kazi mjini akiwa na kipande mfukoni. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, aliingia msituni miaka ya 1950 akajulikana kwa jina la Jenerali China. Si yeye peke yake ambaye vita vilimfundisha kwamba Mzungu hufa kwa risasi kama watu wengine.

Wataliani waliacha kanisa kando ya barabara, na kwa sababu hiyo wanakumbukwa na kila apitaye. Askari wa Keya wengi hawakuacha ila medali ndani ya sanduku na habari walizosimulia jioni. Nyumba nyingi za nchi hii zina habari hizo, na wazee waliozijua wenyewe wamekwisha kuondoka. Waliobaki ni watoto wao, ambao nao sasa ni wazee. Ikiwa ipo medali nyumbani kwako, au jina la babu aliyefika Gondar au Burma, liandike leo katika daftari pamoja na yote yanayokumbukwa. Kuandika kwataka kalamu na jioni moja tu, nako hudumu kama mawe.

MAI MAHIU NA HATARI ZAKE

Chini ya kanisa uko mji wa Mai Mahiu, maana yake maji moto kwa Kikuyu. Ni mji wa madereva wa malori, wenye hoteli nyingi za chai na nyama, na njia hapo zagawanyika kwenda Narok na Naivasha. Waweza kunywa chai hapo ukafanya mzaha kwamba uliondoka kwenye maji baridi ukafika kwenye maji moto.

Lakini mji huu una msiba wake pia. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalivunja njia, yakashuka kwa nguvu na matope, miti na mawe juu ya kijiji cha Kamuchiri, watu wakiwa usingizini. Makumi ya watu walikufa. Mteremko mkali huleta maji kwa ghafla, na mfereji ulioziba chini ya tuta hugeuka kuwa bwawa ambalo hakuna mtu aliyelijenga kwa shauri. Wakaao chini ya miteremko, hapa na kwingineko, wafaa kukagua mifereji kabla ya mvua za masika, na kuwapa habari machifu wao mapema waonapo maji yamesimama mahali pasipo pake.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Safari hii kwenda ni yapata kilometa hamsini. Matatu za Kikuyu, Limuru, Mai Mahiu, Naivasha na Narok hutoka Nairobi siku zote. Mwambie kondakta mapema kwamba utashuka kanisani, kwa sababu akiisha pita kona hawezi kurudi nyuma. Chagua siku kavu. Usiende wakati wa mvua kubwa wala ukungu, na uwe umekwisha panda mteremko kabla ya giza, maana malori ni mengi na breki zake huchoka. Ukiwa kanisani, simama mbali na lami, washike watoto mkono, usiguse picha za ukutani, wala usiandike jina lako juu ya jiwe. Ukimkuta mtu akisali, ngoja nje. Mahali ni padogo.

Gharama ya siku nzima ni nauli, chai na chakula cha kufungasha. Zaidi ya hayo msafiri ahitaji mambo mawili tu: kuondoka mapema, na kuwa tayari kumwuliza mzee atakayemkuta njiani habari za mahali pale. Mjini Kikuyu, Rironi na Mai Mahiu wapo wazee wa namna hiyo, nao hufurahi wakiulizwa.